Shanty Town ya Moshi: viwanja vikatwe au viachwe?

Jina la Shanty Town kwa Kiingereza lina maana ya mtaa wa mabanda. Lakini Shanty Town ya Moshi ndiko kwenye mijakaranda, ua wa michongoma na nyumba zilizokaa katikati ya bustani, upande wa kwendea hospitali ya KCMC. Swali linalowagawa watu ni kama viwanja vile vikubwa vikatwe nyumba ziongezeke, au viachwe kama vilivyo.

Wanaotaka viachwe si wabinafsi tu. Ardhi yenye nyasi hunywa mvua. Ukiimwagia zege, maji hushuka kwa jirani wa chini. Saa saba mchana mtu anatembea kivulini, raha ambayo kwenye mitaa mingine ya Moshi kama Majengo au Pasua ni adimu. Na kiwanja kimoja kikigeuka baa, mtaa mzima haulali.

Lakini wakisema "tulinde hadhi ya mtaa", mimi nasita. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, mji ukakua kuizunguka stesheni. Kisha wakoloni wa Kiingereza wakapanga miji ya Tanganyika kwa rangi: Uzunguni viwanja vipana, Uhindini maduka, Uswahilini watu kubanana. Nafasi tunayoisifu leo ni masalia ya ubaguzi huo.

Tazama pia maisha ya kila siku. Ukiwa ndani ya mtaa, genge liko mbali. Dada wa kazi akitumwa nyanya na kitunguu, nauli ya bodaboda inaweza kuzidi bei ya mboga yenyewe. Wanaouokoa mtaa ni akina mama wanaopita geti kwa geti na mabeseni ya ndizi na mchicha kichwani. Mlinzi wa usiku akitaka chai ya moto alfajiri, aipate wapi? Hao nao ni watu wa Shanty Town, ingawa hati za viwanja hazina majina yao.

Kwangu hoja nzito kuliko zote ni ardhi. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Moshi ina watu 184,292. Ya 2022 ikakuta 221,733. Kusini kuna miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, kaskazini kuna vihamba, mashamba ya familia ya migomba na kahawa. Nyumba zisipopata nafasi mjini zinapanda mlimani, na kila msingi unaochimbwa huko unang'oa migomba na kahawa. Kulinda nyasi za bustani huku kihamba kinachoilisha familia kinakatwa vipande ni kukosea hesabu.

Kwa hiyo vikatwe, ila kwa mchoro wa mtaa mzima. Vibali vikitolewa kiwanja kimoja kimoja, kila mwenye hela atajipimia. Mchoro useme ni sehemu gani ya kiwanja isijengwe kamwe, mijakaranda ya barabarani isiguswe, na pembeni patengwe mahali pa genge, duka la dawa na mama lishe. Baa zibaki mjini. Na mkutano wa kuujadili mchoro huo uitishwe Jumapili alasiri, saa ambayo dada wa kazi naye anaweza kupata ruhusa ya kutoka.