Pikapu Ilivyochemsha, Shangazi Akiwa Ndani

Najua mmeshaipata ile hadithi ya jamaa yangu, ya pikapu yangu kuchemka njiani tukimhamisha Shangazi yake. Anaisimulia kwa mbwembwe, anaigiza hadi mlio wa mvuke, na sasa hata watu nisiowajua wananiita "Fundi Birika". Haya. Sikilizeni na ya mwenye gari, maana kuna kipande jamaa anakiruka makusudi kila anaposimulia, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote.

Kwanza, si kweli kwamba nilifungua kifuniko cha rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ikiwa ya moto. Sijafikia huko. Pili, Shangazi hakutokea dirishani. Alitoka mlangoni, tena kwa mbio ambazo magoti yake yamekuwa yakizikana miaka yote.

Pikapu mnaijua, ile ya 1979. Rejeta yake ya shaba ilikuwa imezibwazibwa mpaka viraka vimekuwa vingi kuliko rejeta. Nikapata seti kutoka gari la toleo jipya, injini ya ukoo uleule: rejeta ya aluminiamu, pampu ya maji na feni yake. Wadau, ukisikia "ukoo uleule" kwenye biashara ya spea, vuta kiti kwanza ukae.

Kufunga kulikuwa raha tupu. Matundu ya bolti ya pampu yalilingana na injini, puli ya zamani ikaingia, feni ikakaa. Kilichosumbua ni mpira wa juu, bomba la maji kati ya injini na rejeta: shingo ya injini yangu ni milimita 38, ya rejeta mpya 32. Nikavisha kipande cha mpira mwembamba kwenye shingo ya rejeta, juu yake nikavisha ule mnene, nikakaza klipu mpaka spana ikalia. Naomba msiseme chochote kuhusu hapo. Fundi ameshasema.

Kabla ya kufunga pampu tuliona herufi R imegongwa kwenye bati lake kwa ndani. Nikamuuliza jamaa, hii R ni ya nini? Akajibu bila hata kufikiri: "Rejeta." Ikaniingia akilini kabisa.

Sasa hiki ndicho kipande anachokiruka. Tulipowasha kujaribu, yeye alikuwa amesimama mbele ya gari, usoni pa rejeta, mikono kiunoni. Akafumba macho. Shati likaanza kupepea. Akasema, "Aisee, feni hii ina nguvu! Upepo mpaka huku!" Nikatoka kwenye usukani, nikaenda kusimama naye. Tukasimama pale watu wazima wawili tunapunga upepo mbele ya gari, tunasifiana. Kulikuwa na karatasi iliyofungiwa pampu, ikapeperuka kutoka kwenye grili ikaenda kumbandika kifuani. Tukacheka.

(Walioshaelewa tatizo, nyamazeni. Msiwaharibie wenzenu.)

Injini haikukaa sana, ikazimwa, geji ya joto ilikuwa chini kabisa. Bila shaka ilikuwa chini! Thamostati haifungui njia ya kwenda rejeta mpaka maji yafike nyuzi 82 au zaidi, na sisi tulizima maji yakiwa bado vuguvugu. Tukaita hilo jaribio. Kesho yake tukapakia vyombo vya Shangazi yake jamaa, aliyekuwa anahama. Kabati, kitanda, makochi. Jamaa akapanda nyuma akakaa kwenye kochi kabisa, mguu juu ya mguu. Shangazi akakaa mbele na mimi, amejitanda khanga na koti juu yake, mkoba mapajani.

Tambarare tulikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, mshale wa geji ukaamka.

Niliuona. Nikajifanya sijauona. Ukapita katikati, nikaongeza gia na kupunguza mafuta. Shangazi alikuwa ananieleza habari za mwenye nyumba wake wa zamani, nami naitikia "ehee, ehee" huku jicho moja liko kwenye geji. Mshale ukazidi kupanda. Nikakumbuka dawa ya wazee: injini ikizidi joto, washa hita mpaka mwisho, ikupunguzie. Dawa hiyo ni ya kweli, hita ni rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya dashibodi. Nikaivuta nobu pole pole, Shangazi asijue.

Alijua. Upepo wa moto ulimpiga magotini akanyamaza katikati ya sentensi. Jua la mchana, koti, khanga, na hita imefunguliwa yote.

"Mwanangu, gari lako lina homa?"

"Hapana Shangazi, linajirekebisha."

Akafungua dirisha. Akavua koti. Akatoa karatasi kwenye mkoba akaanza kujipepea, halafu akanipepea na mimi, na hapo ndipo aibu ilianza kunishika kweli, kupepewa na mtu niliyempashia moto mwenyewe. Mshale ukagusa nyekundu. Nikaanza kutafuta mahali pa kuegesha. Upande huu mtaro, upande ule lori.

Kisha: PWAA!

Mpira wa juu umechomoka. Rejeta mpya ina kifuniko kinachozuia shinikizo la karibu bar 1, na kwa shinikizo hilo maji yanaweza kukaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira ukiachia, shinikizo linatoweka na maji yanageuka mvuke papo hapo. Boneti ikapotea. Kioo kikawa cheupe. Harufu tamu ya kulanti, dawa ya maji ya rejeta, ikajaa ndani, naendesha kwa kuchungulia ubavuni, Shangazi anamwita Mungu kwa majina yote anayoyajua.

Na katikati ya hayo yote nikatupa jicho kwenye geji. Mshale unashuka! Unashuka kwa kasi, ukatoka kwenye nyekundu, ukapita katikati, ukalala chini kabisa. Nikamgeukia Shangazi, mbele yetu hakuna kinachoonekana ila wingu, nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye habari njema:

"Umeona Shangazi? Imepoa."

Wakuu, mimi nilijua siku zote kwamba ile sensa inapima joto ikiwa imezama majini, na maji yakiisha inabaki hewani inasoma uongo. Nilijua. Lakini mdomo ulishasema, na jamaa kule nyuma kwenye kochi alisikia kupitia dirisha. Hiyo "Imepoa" ndiyo mnayoniandikia kutwa.

Mengine upesi upesi. Nikaegesha, Shangazi akatoka kama nilivyoeleza, wapita njia wakataka kumwaga maji baridi juu ya injini nikawazuia, maana chuma kilichopata moto namna ile kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka. Tukavutwa. Vyombo vilifika kwa gari lingine. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba katikati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa.

Fundi hakuchukua hata muda. Injini yangu ina mkanda wa V, unaozungusha pampu kwa tumbo lake, yaani upande wa ndani. Toleo jipya lina mkanda bapa mrefu, na pampu inazungushwa na mgongo wa mkanda, upande wa nje, kwa hiyo inakwenda kinyume. Ukiileta kwenye mkanda wa zamani, maji yanasukumwa kivivu, na feni yake yenye mapanga yaliyolala upande mwingine inatupa upepo mbele badala ya kuuvuta ndani. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani na wa feni vinakutana kwenye rejeta vinasukumana. Wenye Chevrolet za zamani za V8 mtego huu wanaufahamu sana.

Akaigonga ile R kwa bisibisi. "Hii ni rivasi."

Nikamtazama jamaa. Jamaa akatazama simu.

Sasa nimefunga pampu na feni za asili yake, rejeta mpya imebaki, na mpira nimepata wenye mdomo mpana huku na mwembamba kule, kipande kimoja. Shangazi anasalimia vizuri tu, ila nikimwambia nimrudishe nyumbani anauliza kwanza kama hita bado ipo. Pampu na feni za kinyume zipo kwangu, nzima kabisa, mwenye injini ya mkanda bapa aje achukue. Na anayetaka upepo tu amfuate jamaa, anajua pa kusimama.