Baada ya Saa Tisa na Nusu

Mtumishi wa umma anatakiwa kuwa kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Muda huo jua la Dodoma bado linawaka na magharibi iko mbali. Anayelalamika kwamba kazi yake haimridhishi, naomba kwanza aangalie saa hizo za baada ya kazi zinaishia wapi.

Si kila mtu anazo, najua. Mama anayetoka ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, akagombania daladala ya kurudi mjini, akapitia soko la Sabasaba kununua mboga, kisha akapika na kukagua madaftari ya watoto, muda huo ataupata wapi? Kumwambia apange ratiba vizuri bila mume na watoto wakubwa kumpokea sehemu ya mzigo ni kumwonea.

Lakini wengi wetu tunazo, na tunazimalizia kwenye simu au kwenye kufukuzia vyeti. Kozi fupi hii, semina ile, cheti kinaingia kwenye faili kusubiri tangazo la Ajira Portal, tovuti ya ajira za Serikali. Sikatai, cheti kina kazi yake. Ila kinachomfanya mtu aipende kazi ni kuona kwamba anaiweza.

Kuna mhasibu ninayemfahamu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akijumlisha kwa kikokotoo, anarudia kuhakiki kwa kalamu nyekundu, na bado taarifa inarudishwa. Akajitengea Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja, simu ikiwa ndani ya droo, ajifunze fomula za Excel. Aliachana na mifano ya kwenye video, akatumia hesabu zake mwenyewe za ofisini. Kuna jioni iliyoisha yote kwa sababu ya mabano aliyosahau kuyafunga. Leo taarifa yake inatoka mapema na haina maswali, na wenzake wanamfuata mezani kuuliza. Mshahara haujapanda hata shilingi, lakini asubuhi haendi tena kazini kwa kujikokota.

Alichofanya vizuri ni kuchagua jambo moja, lile lililokuwa likimtesa kila mwezi. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kwa fundi wa kuchomelea wa Chang'ombe. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa Dodoma mwaka 2016, ujenzi umekuwa mwingi. Mageti anayaunga vizuri, lakini akipewa mchoro anababaika, na gharama anazikadiria kichwani hadi faida inampotea. Kwake, kusoma mchoro na kuandika makadirio kuna thamani kuliko mashine mpya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, kwa hiyo asidhani mlango umefungwa kwa sababu hakupita darasani.

Wakuu wa idara nao wana deni. Kikao kinachoitishwa saa tisa na dakika kumi, kwa ajenda iliyojulikana tangu jana, kinawanyang'anya watu jioni zao. Halafu mtumishi yuleyule anaambiwa kwenye tathmini kwamba hajiendelezi. Kama kweli mnataka watu wenye ujuzi, vikao hivyo vifanyike asubuhi, na saa 9:30 ikifika waacheni watoke.