Tohara ya kitabibu ilimfikisha mwanamume kituoni, haikumbakisha

Ukiuliza serikali za Afrika Mashariki zimefanya nini kwa afya ya mwanaume mwenyewe, si mama na mtoto, jambo kubwa utakaloonyeshwa ni tohara. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara ya kitabibu kuwa kinga dhidi ya VVU. Majaribio matatu, ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalikuwa yameonyesha kuwa inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Kenya ilianzia Nyanza mwaka 2008, kwa Wajaluo ambao tohara haikuwa mila yao. Tanzania ikaanzia Iringa, kisha ikaingia mikoa mingine ambako jando halikuzoeleka. Nyanza, waliotahiriwa walipanda kutoka asilimia 48 mwaka 2007 hadi 66 mwaka 2012. Kwa jambo linalogusa mila na suruali kwa pamoja, hiyo si kasi ndogo.

Hoja ya wanaoutetea mpango huu ni nyepesi kuielewa. Dawa humezwa kila siku, kondomu huvaliwa kila tendo, tohara hufanywa mara moja. Makadirio ya wataalamu ya mwaka 2009 yalisema kwamba penye maambukizi mengi, kila tohara 5 hadi 15 huzuia ambukizo jipya moja. Wala haihitaji daktari bingwa. Muuguzi aliyefunzwa vizuri huimaliza kwa dakika 20 hadi 30, na vitanda vikipangwa safu moja, mmoja akichoma ganzi na mwingine akikata, watu wengi huhudumiwa kwa siku. Kampeni ya Iringa ya 2010 ilitahiri zaidi ya watu 10,000 ndani ya wiki chache. Siri ilikuwa kuchagua Juni na Julai: shule zimefungwa, na watu wanaamini kidonda hupona upesi wakati wa baridi.

Wanaoupinga nao wana hoja. Kinga yenyewe si kamili, na ni ya mwanaume. Jaribio lililofanyika Rakai kwa wanaume ambao tayari walikuwa na VVU halikuonyesha kuwa tohara yao iliwakinga wake zao, na waliorudia tendo kabla ya kidonda kufunga ndio waliotia wasiwasi zaidi. Ndiyo maana ya zile wiki sita za kujizuia, ambazo wengi huzikata njiani. Halafu zama zimebadilika: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 na 2023 ulikuta kuwa kati ya watu wazima wanaotumia ARV, zaidi ya asilimia 90 wamefubaza virusi. Maambukizi mapya yakipungua, tohara zinazohitajika kuzuia ambukizo moja huongezeka. Hoja hii ina uzito katika mikoa mingi. Njombe, ambako utafiti huohuo ulikuta mtu mzima mmoja kati ya kila wanane ana VVU, hoja hiyo bado haijafika.

Penye mgogoro hasa ni umri. Malengo ya wafadhili yalihesabu tohara kwa mwaka, na njia rahisi ya kufikisha hesabu ni wanafunzi. Tanzania sehemu kubwa ya waliojitokeza walikuwa wavulana wa miaka 10 hadi 14. Mwanaume wa miaka 30 alipoona benchi limejaa watoto wa shule aligeuza njia. Ana sababu nyingine pia: siku kadhaa bila kazi ya nguvu ni siku kadhaa bila kipato, na fundi au dereva wa bodaboda hana likizo ya ugonjwa.

Kwa wavulana hao, tatizo lilikuwa pia la kiufundi. Katika njia ya koleo, govi huvutwa mbele, hubanwa, kisha hukatwa mbele ya koleo bila mkataji kuona kichwa cha uume kilipo. Kwa mtu mzima, mhudumu hukipapasa kwa vidole akajua kiko salama nyuma. Kwa mtoto, uume ni mdogo na govi mara nyingi bado limegandana na kichwa. Hapo ndipo ncha hukatwa. Hatari ya pili ni uzi wa upande wa chini: sindano ikizama sana hugusa mrija wa mkojo, na baada ya siku kadhaa mkojo hutokea tundu jipya. Madhara haya ni nadra, lakini kuyarekebisha kunahitaji upasuaji ambao hospitali nyingi za wilaya haziuwezi. Kwa walio chini ya miaka 15 salama zaidi ni kupasua govi upande wa juu kwanza, mkataji akiona anachokata. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma kwa walio na miaka 15 na zaidi, na naona walichelewa.

Hata hivyo wakosoaji husahau kitu kimoja. Mvulana aliyetahiriwa Iringa mwaka 2010 akiwa na miaka 13 leo amepita 25, umri uleule mpango uliokuwa ukimtafuta. Hesabu zilizodharauliwa kuwa za watoto zimekomaa.

Ganzi nayo ina hesabu yake. Lignokaini isiyo na adrenalini haipaswi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 asizidishiwe miligramu 180, yaani mililita 18 za dawa ya asilimia 1, au 9 tu za asilimia 2. Mizani ikikosekana na chupa zikichanganywa, mtoto mwembamba huzidishiwa. Nyumbani, bandeji hutolewa baada ya saa 24 hadi 48, kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni laini, na hakipakwi majivu, majani wala kinyesi cha ng'ombe.

Hilo la mwisho linatufikisha kwenye pepopunda, na kwangu ndilo linaloeleza zaidi hali ya afya ya wanaume. Visa vilivyoripotiwa katika nchi za mpango huu vililazimisha masharti mapya ya chanjo, hasa kwa PrePex, pete inayoua govi taratibu na kuliacha likikauka mwilini kwa siku saba. Kwa nini wanaume watu wazima hawakuwa na kinga? Msichana akishika mimba hupewa chanjo ya pepopunda kliniki, na dozi zake zinaweza kufika tano. Kaka yake alichanjwa utotoni basi. Hakuna kliniki inayomsubiri, na hata tohara ilimwona siku ya upasuaji, ikamwita siku ya pili na ya saba, ikamwacha. Timu za mkoba mara nyingi zilikuwa zimeshahama kabla ya hiyo ya saba.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ruhusa ya muda iliyofuata kwa huduma za VVU ilirudisha matibabu na kinga ya mama kwa mtoto, tohara haikutajwa. Wanaosema serikali ziiache ife wana hoja ya fedha. Mimi ningeibakiza Njombe, Iringa na pale maambukizi yalipo juu, kwa wa miaka 15 hadi 29, ndani ya hospitali na vituo vya afya vya kawaida, benchi la watu wazima likiwa mbali na la wanafunzi au likipewa siku yake. Na ningeongeza hudhurio la wiki ya sita, ambalo kwa mteja lina maana tayari kwa kuwa ndipo anaporuhusiwa kurudia tendo: dozi ya pili ya pepopunda, kipimo cha shinikizo la damu, na kadi yenye jina lake. Kipimo cha shinikizo kiko tayari kituoni, chumba cha kliniki ya wajawazito.