Mtaalamu msaidizi wa mifugo apimwe kwa kazi ya mikono yake, si kwa wiki alizokaa fildi

Njia ya kuwa mtaalamu msaidizi wa afya ya mifugo hapa Tanzania haina siri. Mtu anamaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, sayansi zikiwemo, kisha anaomba kozi ya Afya ya Mifugo na Uzalishaji. Masharti kamili ya masomo yako kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na ni vizuri kusoma wa mwaka huohuo unaoomba, maana hubadilika. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4 ya NTA, mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi, wa pili ngazi ya 5, ambapo unatoka na astashahada, na wa tatu ngazi ya 6, yaani stashahada. Vyuo vya serikali viko chini ya LITA, wakala wa vyuo vya mifugo: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Temeke, Buhuri, Madaba, Mabuki na Kikulula. Vya binafsi vipo pia, na kabla ya kulipa ada hata ya muhula mmoja hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET na kozi yenyewe imepewa ithibati. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi unayoitaka haimo.

Watu wengi hukwama baada ya hapo kwa kudhani cheti cha chuo ndicho ruhusa ya kutibu. Sivyo. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, daktari wa mifugo anasajiliwa na Baraza la Veterinari, na wataalamu wasaidizi nao wanaandikishwa au kuorodheshwa na Baraza hilohilo kulingana na kiwango cha elimu. Mwenye stashahada ambaye hajaandikishwa na anazunguka vijijini na bomba la sindano anafanya kazi nje ya sheria, hata kama darasani alikuwa wa kwanza. Na aliyeandikishwa bado anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Peleka maombi mapema, ukihakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cheti cha chuo linafanana herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja inatosha kukurudisha kwa wakili kutafuta hati ya kiapo.

Mpangilio huu wa elimu na uandikishaji naukubali. Ninachopinga ni namna tunavyopima mafunzo kwa vitendo.

Fildi yetu inahesabiwa kwa wiki. Mwanafunzi anapelekwa kwenye halmashauri, anaripoti kwa ofisa mifugo, anajaza kitabu cha kumbukumbu, mwalimu anakuja kumtembelea, mwishoni anaandika ripoti. Msimamizi anatia saini kwamba alihudhuria na ana nidhamu. Lakini wiki hazifanani. Aliyepangwa kwenye kata yenye ng'ombe wa maziwa wakati wa mvua, kupe wakiwa wengi, ataona ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, mpaka aizoee. Mwenzake aliyepangwa kiangazi, josho likiwa kavu, anaweza kumaliza muda wote akihasi madume na kushika karatasi machinjioni. Wote wawili wanarudi na wiki zilezile na alama zinazokaribiana, na mbele ya Baraza wako sawa. Mfugaji atakayewapigia simu usiku hana namna ya kujua tofauti yao.

Chukua stadi moja tu, sampuli ya tezi kwa ng'ombe anayeshukiwa ndigana kali. Kwenye kitabu ni aya moja. Kwa mkono, unamfunga mnyama vizuri, unapapasa tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, unaibana kwa vidole isitelezee pembeni, unasafisha ngozi, unaingiza sindano ya namba 18 au 20 ikiwa kwenye bomba la mililita 5 au 10. Unavuta mara mbili tatu, halafu unaachia mpini wa bomba urudi kabla ya kuchomoa. Asiyeachia, majimaji yote hukimbilia ndani ya bomba na hakuna kinachobaki cha kuweka kwenye slaidi. Tone linatandazwa jembamba, linapepewa likauke haraka, linakazwa kwa methanoli dakika kama tatu, yaani seli zishike kwenye kioo zisiharibike, ndipo linatiwa rangi ya Giemsa. Chini ya lenzi ya 100 yenye mafuta unatafuta skizonti, yaani kimelea cha ndigana kali kikiwa kinazaliana, ndani ya seli nyeupe.

Hapo kila hatua ina mtego wake. Ukichoma nje ya tezi unapata damu tupu. Ukitandaza nene, seli zinapandana husomi kitu. Slaidi ikikauka polepole, seli zinasinyaa. Ikiachwa mezani bila kukazwa, nzi wanaila. Ikisafirishwa kwenye kisanduku kimoja na chupa ya formalini, mvuke wake unaharibu upokeaji wa rangi, na maabara inarudisha jibu lisilo na maana. Namba ya mnyama ikiandikwa kwa kalamu ya wino, methanoli inaifuta. Inatakiwa penseli kwenye ncha iliyokwaruzwa. Mambo haya hayaingii mwilini kwa kumtazama mwenzako akifanya. Yanataka slaidi kumi mbovu za kwako mwenyewe na mtu wa kukuonyesha kwa nini ni mbovu.

Baada ya jibu inakuja dozi. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, hutolewa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na kwa dawa ya miligramu 50 kwa mililita hiyo ni mililita 1 kwa kilo 20. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 15. Anayekisia uzito kwa macho akasema 200 anachoma 10, mnyama anapata theluthi mbili ya dawa, na mfugaji aliyelipa pesa nyingi anaambiwa dawa ni feki. Utepe wa kupimia kifua ungeondoa kosa hilo, na kuutumia kunachukua nusu dakika. Lakini ni wanafunzi wangapi wametakiwa kuonyesha, mbele ya msimamizi, kwamba wamepima kwa utepe, wamekokotoa, wamegawa dozi kubwa sehemu mbili za shingo, na wameandika tarehe ambayo maziwa yataruhusiwa tena? Hilo la maziwa husahaulika kuliko yote, wakati ni la afya ya watoto wa nyumba ile.

Marekani walilitatua tatizo hili kwa namna ninayoiona ni ya busara. Kule fundi wa veterinari husoma programu ya karibu miaka miwili iliyopewa ithibati na kamati ya chama cha madaktari wa mifugo, AVMA, kisha anafanya mtihani uitwao VTNE: maswali 170 kwa saa tatu, 150 kati yake ndiyo yanayohesabiwa. Kila jimbo lina masharti yake, ndiyo maana huyohuyo anaitwa CVT (fundi aliyethibitishwa) mahali pamoja na RVT (aliyesajiliwa) au LVT (mwenye leseni) mahali pengine. Mtanzania mwenye stashahada anayehamia huko ajue kwamba cheti chake pekee hakimruhusu kukaa kwenye mtihani huo. Aanze na bodi ya jimbo analoishi kabla ya kulipa popote. Mtihani wenyewe sioni haja ya kuuiga, maana swali la kuchagua jibu halionyeshi mkono unaotetemeka. Cha kuiga ni orodha. Kamati ile imeandika stadi za lazima, na chuo kinatakiwa kuwa na uthibitisho wa maandishi kwamba kila mwanafunzi, mmojammoja, ameifanya kila stadi kwa kiwango kilichowekwa. Kwa stadi nyingi, kundi la watano kumzunguka mnyama mmoja halihesabiki kwa wote watano.

Na si lazima tuchukue orodha ya Marekani, ambayo imejaa mbwa, paka na ganzi ya upasuaji. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2018 mwongozo wa umahiri wa wataalamu wasaidizi katika nyanja tatu: afya ya wanyama, afya ya jamii na maabara. Tungeanzia hapo, tukaweka magonjwa na mifugo yetu.

Pendekezo langu ni daftari la stadi litakalokuwa sharti la kuandikishwa. Liwe na stadi kama 40, kila moja na idadi ya chini: tezi 10, slaidi za damu 20, kutunza chanjo kwenye nyuzi 2 hadi 8 kwa siku nzima ya kampeni na kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, kukagua mzoga na kutambua ule usiopaswa kupasuliwa kwa hofu ya kimeta. Kila mstari uwe na tarehe, mnyama, mahali, matokeo, na saini ya msimamizi aliyekuwepo.

Najua litakalosemwa: wanyama wa kufundishia hawatoshi. Kwa uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija, machinjio yana vizazi vya ng'ombe kila siku asubuhi. Mwanafunzi anaweza kupitisha bomba la uhimilishaji kwenye mlango wa kizazi mara 50 mezani kabla ya kumgusa ng'ombe hai. Tezi zipo hapohapo. Kuyeyusha mrija wa mbegu kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 na kuukausha kabla ya kuukata kunafundishika kwa mirija iliyopitwa na muda. Tatizo la madaktari wachache wa kusimamia ni zito zaidi. Hapo ningeruhusu wenye stashahada wazoefu, walioandikishwa na ambao stadi zao zimethibitishwa na daktari, watie saini stadi za kawaida, na daktari abaki na zile za hatari.

Mwanafunzi aliyeko chuoni sasa asisubiri Baraza. Anunue daftari gumu la kurasa 96, achore safu sita: tarehe, stadi, mnyama na uzito uliopimwa, nilichofanya, kilichoharibika, saini. Safu ya tano aijaze kwa ukweli, na amwombe msimamizi asome safu hiyo kabla ya kutia saini.