Ujira wa Haki kwa Anayeuza Santuri za Mwenzake

Jirani yangu wa hapa Ngamiani, mjane ambaye mtaani kwetu wakubwa kwa wadogo tunamwita Bibi, ameniomba nimuuzie santuri alizoacha marehemu mumewe. Ni sahani 180, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizochapwa Nairobi, na miongoni mwake zimo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapa hapa Tanga, pamoja na taarabu ya Black Star. Kabla yangu alikuja mfanyabiashara aliyetaka nusu ya fedha zote zitakazopatikana, ilhali mwana mkubwa wa Bibi aliona asilimia 10 yatosha, kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuisikia kwa madalali. Naamini wote wawili wamekosea, na kosa la mfanyabiashara ndilo zito zaidi.

Asilimia 10 yamfaa dalali wa kiwanja, ambaye mali yake ni moja na bei yake ni kubwa. Santuri haziuzwi hivyo. Kwa unyevu wa pwani yetu, ukungu huota ndani ya majalada, na kila sahani yapaswa kuoshwa, kukaushwa, kusikilizwa pande zote mbili, kuandikiwa mikwaruzo yake bila kuficha, kupigwa picha na kufungwa vizuri, hasa zile kongwe za mizunguko 78 ambazo huvunjika kama kaure. Nimekadiria nusu saa kwa kila moja, yaani saa 90 kwa zote. Tukichukulia wastani wa shilingi 20,000 kwa sahani, mauzo yatakuwa 3,600,000, na asilimia 10 ni 360,000, sawa na shilingi 4,000 kwa saa, kabla sijahesabu muda wa kujibizana na wanunuzi.

Nusu nayo ni dhuluma, na uzito wake huonekana pale tunapokumbuka kwamba mali hii ni mirathi. Bibi ana watoto, kwa hiyo fungu lake kwa sheria ya Kiislamu ni thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kwa ujira wa nusu zitabaki 1,800,000, naye atapata 225,000. Kwa ujira wa asilimia 25 zitabaki 2,700,000, naye atapata 337,500. Tofauti hiyo ya 112,500 si ndogo kwa mama wa umri wake, na sioni kazi gani ya dalali inayoihalalisha.

Kwa hiyo nimependekeza asilimia 25 kwa sahani itakayouzwa peke yake, ishuke hadi 15 kwa itakayozidi shilingi 100,000, kwa maana kuosha sahani ya bei kubwa hakuchukui maji mengi kuliko kuosha ya bei ndogo. Mnunuzi akichukua boksi zima kwa pamoja, nitapokea 10. Gharama ya kusafirisha ataibeba mnunuzi.

Hata hivyo, kiwango peke yake hakimlindi mwenye mali. Dalali ameshika amana, na haifai awe muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, maana anayetaka sahani kwa ajili yake mwenyewe atavutwa kuishusha thamani. Mimi napenda sana muziki wa dansi wa Tanga, na kwa sababu hiyo hasa nimeandika katika mkataba kwamba sitanunua hata moja. Warithi wote wataweka saini, wala si mwana mkubwa pekee, na kila mmoja atapewa nakala ya orodha yenye bei ya chini tuliyokubaliana kwa kila sahani kabla haijatoka nyumbani.

Muda tumeuweka miezi sita. Zitakazokuwa hazijauzwa zitarudi kwa Bibi zikiwa safi, wala sitamdai chochote kwa kuziosha.