Laptopu ililala, nikaumbuka mimi

Jamani, kabla hamjaendelea kusambaza ile klipu yangu ya kwenye sendofu, naomba nami nisikilizwe. Swahiba wangu, ambaye simtaji kwa sababu bado ananidai, ameshawaambia watu Mbeya nzima kwamba nililewa kwenye sendofu pale Mwanjelwa nikaanza kulia mbele za wakwe. Uongo mtupu. Sikulewa. Na siku ile sikulia. Nilikuwa nimelia siku nyingi nyuma, chumbani kwangu, kwa utaratibu maalumu. Kilichotokea ukumbini ni suala la kiufundi, na nitalieleza kiufundi.

Kazi yangu mnaijua: video, picha, projekta. Laptopu yangu imejaa hadi shingoni, hivyo vitu vya wateja vinakaa kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka. Siku hiyo utoto wote wa bibi harusi, salamu za kaka yake aliyeko Uturuki na picha za kicheni pati, vyote vilikuwa humo. Nikafungua VLC, ile programu ya kuchezea video, nikapanga orodha, nikajaribu kidogo, nikasimamisha kwenye picha ya kwanza. Nikakaa kusubiri zamu yangu.

Sasa MC. Ratiba ilisema kwanza video, ndipo utambulisho. Yeye akaamua kugeuza. Ukoo wa Kinyakyusa hautambulishwi kwa dakika tano, ndugu zangu. Upande wa mama wakasimama, upande wa baba wakasimama, waliotoka Tukuyu wakasimama, wa Kyela wakasimama, hadi majirani wa zamani wa bibi wakasimama. Soketi ya karibu DJ alishaihodhi, kwa hiyo laptopu ilikuwa inakula betri. Baridi ya Julai mnaijua, mimi nimekumbatia chai ya tangawizi. Laptopu ikaona haiguswi, ikalala.

Hapa wataalamu nisikilizeni, msicheke kwanza. Laptopu ikilala, mara nyingi milango ya USB nayo inakatiwa umeme. Eksteno yangu ni ile ndogo ya inchi 2.5, haina adapta yake, inaishi kwa umeme wa mlango huohuo. Umeme ukikatwa, sahani ya ndani inaacha kuzunguka. Ukiiamsha laptopu, Windows inaruka kitandani fasta, eksteno bado inajikongoja. Windows huipa kila diski herufi kama anwani; eksteno inapokuja kuitika, inaweza kupokewa kama mgeni na kupewa herufi nyingine. Yangu ilikuwa E, ikaamka F. VLC haina habari. Orodha yake imeshika anwani za zamani, inakwenda kubisha hodi E, nyumba imehamwa. Faili la kwanza halipo, inaruka. La pili halipo, inaruka. Inaruka hivyo mpaka ikutane na faili linalofunguka.

Na katika orodha ile, chini kabisa, lilikuwepo faili moja tu lililokaa ndani ya laptopu yenyewe. Orodha ilikuwa ya wiki iliyotangulia, niliihifadhi mwenyewe, nikasahau kulitoa.

Faili lenyewe ni hivi. Nimepanga Ilomba kwa mama mmoja mtu wa haki kabisa, ila kwenye kodi hana utani. Kodi ilipogoma kutimia, nikaona nikamweleze kwa heshima, na mtu mwenye heshima hakurupuki, anafanya mazoezi. Nikawasha kamera ya laptopu, nikafanya mazoezi. Nilipokwenda kwa mama, mambo yalinyooka: kodi ikasogezwa mbele, na juu yake mama akanipa rambirambi, shilingi 10,000.

Mama huyo alikuwa kwenye kamati ya sendofu. Meza ya mbele.

Basi MC akamaliza ukoo. "Macho yote kwenye skrini!" Taa zikazimwa. Nikagusa kitufe. Projekta ikaonyesha ile bluu yake ya kulalamika. Vikasanduku vya VLC vikachomoza kimoja juu ya kingine, sikuwahi kusoma hata kimoja. Halafu uso.

Uso wangu. Ukutani. Mpana kuliko mlango wa ukumbi. Nimevaa singlendi, nywele hazijaona kitana.

Kwenye spika za DJ, sauti yangu ikasema, "Shikamoo mama."

Wamama wa meza za katikati wakaitika, "Marahabaa!"

MC hakungoja. "Naam! Huyo ndiye kaka wa bibi harusi, mubashara kutoka Uturuki! Makofi jamani!" Makofi yakapigwa. Kuna shangazi alipiga kigelegele kile cha kuziba masikio.

"Mama, nimepata msiba."

Makofi yakakatikia hewani. Mimi wa ukutani nikatikisa kichwa. "Hapana. Huzuni zaidi." Mkono wangu ukatoka nje ya picha, ukarudi na nusu ya kitunguu. Kile chekundu, kimekatwa vizuri, hata pete zake zinahesabika, maana mnajua kamera zangu huwa hazina ukungu. Nikajipaka jicho la kushoto. Nikajipaka la kulia. Nikavuta kamasi. "Ni baba mkubwa, mama, wa kule Kyela. Presha." Nikatulia, nikafikiri. "Presha watu wanatibiwa. Ghafla. Ghafla haina maswali."

Mimi wa kwenye kiti nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ikasimama, ndiyo. Ikasimama kitunguu kikiwa jichoni, mdomo wazi, chozi limefika pembeni ya pua. Ukumbi kimya. Bora hata ingeendelea. Mtu mmoja meza ya wakwe akachekea puani, na mnajua kicheko cha puani kinavyoambukiza. Nikabonyeza tena, ikaendelea. "Kodi ya miezi mitatu nilikuwa nayo mkononi, mama, lakini sanda..." Papo hapo Windows nayo ikaleta kisanduku chake: kuna tatizo kwenye diski hii, ikaguliwe? Wakati gani huo wa kuniuliza?

Nikainua macho. Mama mwenye nyumba, ndani ya sare ya kitenge cha kamati, alikuwa anatoa miwani kwenye pochi. Akaipangusa kwa ncha ya kitenge, taratibu, akaivaa. Hakutazama ukutani. Akanigeukia mimi. Ukumbi mzima giza, mwanga uliobaki ni wa laptopu, na ulikuwa unamulika uso uleule.

Nikachomoa waya wa projekta. Picha ikapotea. Sauti haikupotea, sauti ilikuwa inapita kwa DJ. Na DJ, ambaye mchana tuligombania ile soketi, akapandisha.

"...mazishi ni kesho, mama, na nauli ya kwenda na kurudi Kyela unaijua mwenyewe."

Wale waliotambulishwa kutoka Kyela walipiga makofi wamesimama.

Mengine haraka haraka. Nikafungua mafaili upya kutoka F, video ikaonyeshwa yote, bibi harusi akalia kwa machozi halali na bado watu wakamkagua mikono. Pilau sikuligusa. Mnaonitumia picha za kitunguu kila asubuhi, nawaona.

Kwa walioulizia dawa: msikubali kuuziwa eksteno mpya, fundi mmoja pale Kabwe alishaanza kunipigia bei wakati diski yangu ni nzima. Ingia kwenye mipango ya umeme ya Windows, zima usingizi kabisa, iwe betri au waya, na mfuniko ukifungwa laptopu isifanye lolote. Humohumo kuna kipengele cha kupumzisha USB ili kuokoa umeme, kizime pia. Kisha kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta kila USB Root Hub, yaani kitovu cha milango ya USB, utoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Diski nayo ipe herufi ya mbali, kama M, isigombanie E na flashi za watu. Lakini siku ya shughuli yenyewe futa miziki yako, nakili faili ndani ya laptopu, uchezee humo. Mimi hii mipango nimeipanga yote sasa hivi, wakati sina mteja hata mmoja.

Asubuhi yake mama alinisubiri uani. Anataka kodi yote, anataka 10,000 yake, na kwa kuwa jumuiya yao ilishamwombea marehemu, anataka Jumamosi nikasimame mbele ya wanajumuiya niwaambie mwenyewe kwamba marehemu anaendelea vizuri.

Klipu ilikuwa imeshafika Kyela. Baba mkubwa akanipigia. Nikamwamkia, akaitika vizuri tu. Hakuuliza kwa nini nimemuua. Aliuliza rambirambi ilikuwa shilingi ngapi, na kwa nini hadi leo haijamfikia mhusika.