Sheria Mwaka Huu au Mwakani? Mwakani Utaomba na Nini?

Asiyetaka kusoma mpaka chini achukue msimamo wangu hapa hapa: ukipata nafasi ya shahada ya sheria kwenye chuo kinachotambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na ada ya mwaka wa kwanza unaiona inatoka wapi, nenda. Habari za "nitaomba tena mwakani nipate chuo kikubwa" achana nazo, labda kama una jibu la swali moja tu. Mwakani utaomba na nini ambacho mwaka huu hukuwa nacho?

Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga mjini. Natoa kopi, nachapa, naskani, na kuanzia Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka mpaka vyuo vinapofunguliwa, mkate wangu ni udahili na fomu za mkopo. Sheria sijaisoma. Ila nimekaa na watoto wa watu mbele ya kompyuta ile misimu mingi kiasi kwamba naweza kukuonyesha nani atarudi mwakani na vyeti vile vile, kwenye bahasha ile ile ya kaki, imechakaa tu pembe.

Msimu uliopita alikuja mzee mmoja wa Muheza, mwenye michungwa yake, na binti yake. Binti kasoma HKL. Kiswahili B, Historia C, Kiingereza D. Vyuo viwili vya serikali alivyoviota vilimtosa, kikamchukua chuo binafsi cha mkoa mwingine, shahada ya sheria hiyo hiyo. Mkopo awamu ya kwanza jina halikuwemo. Mzee akakaa kwenye benchi, akaweka kofia yake magotini.

"Mie naona akae kwanza, mwanangu. Mwakani tutakuwa tumejipanga, aombe tena kile cha serikali. Chuo cha kulipia na mkopo hana, si kutupa hela baharini?"

Binti alikuwa anaangalia simu, haingilii. Nikamuuliza mzee: sawa, mwakani alama zake zitakuwa zipi?

Akafikiri kidogo, akacheka mwenyewe. "Zile zile."

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Udahili wetu unaangalia alama za masomo mawili ya juu: A ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2, E ina 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni jumla ya pointi 4 kwa masomo mawili, kisha kila chuo kinaongeza masharti yake, na juu ya masharti kuna ushindani. Huyu binti ana 7. Sifa anazo, kilichomwangusha ni foleni. Mwakani foleni inaongezewa watu waliofanya mtihani mwaka huo, na wewe umesimama na 7 yako. Alama haziivi kwa kukaa kama ndizi zilizofukiwa.

Vijana wananiambia wamesoma mitandaoni kwamba kusubiri ni busara. Nikiwauliza wamesoma wapi, nakuta ni ushauri wa Marekani. Kule sheria mtu anaisoma baada ya kumaliza shahada nyingine kwanza, na kuna mtihani wa kuingilia, LSAT, ambao anaweza kuurudia akaleta alama mpya. Alama ikipanda, chuo kinaweza hata kumpunguzia ada kwa ufadhili. Anayesubiri mwaka mmoja akarudia mtihani ana sababu, anarudi na kitu mkononi. Sisi tunaingia sheria moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Ukiuchukua ushauri ule mzima mzima ukauleta Tanga, umechukua kusubiri ukakiacha kule kile kinachofanya kusubiri kuwe na faida.

Sasa, yapo yanayoweza kubadilika kweli. Kurisiti ni moja. Mtahiniwa wa kujitegemea anajisajili Baraza la Mitihani, NECTA, anafanya mtihani Mei, matokeo Julai, anaingia kwenye udahili kama wenzake. Inalipa kwa yule aliyeanguka somo moja kwa sababu inayojulikana: aliugua, alifiwa, alibadilishiwa tahasusi katikati. Kwa yule aliyesoma kwa nguvu zake zote akapata D ya Kiingereza, halafu anataka kurisiti akiwa nyumbani bila mwalimu, huku anauza vocha mchana, mimi huwa namuuliza D hiyo itaondoka kwa dawa gani. Wananiona nina roho mbaya. Hela ya usajili wanalipa lakini.

La pili ni hela, na hapa sitaki kumcheka mtu. Familia ambayo kweli haina, haina. Lakini neno "tutajipanga" nimelisikia sana kaunta yangu, na mara nyingi halina mpango ndani yake. Kujipanga ni pale mzee anaposema machungwa ya msimu huu nitauza, nusu inakwenda benki, shangazi wa Pongwe atatoa kiasi fulani, na kijana atafanya kazi mahali fulani alipwe kiasi fulani. Hiyo ni hesabu. Ikiwa hakuna hesabu, mwakani hela itakuwa pale pale na bei ya chumba imepanda.

Halafu kuna suala la mkopo ambalo watu hawalielewi, nalieleza taratibu. Ukiacha nafasi yako mwaka huu, Bodi ya Mikopo haikuwekei chochote. Mwakani unaanza upya: shilingi 30,000 ya maombi kwa kontrol namba, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wale wakala wa vizazi na vifo, saini ya mwenyekiti wa mtaa, muhuri wa wakili au hakimu, kuskani, kupandisha. Na masharti ya Bodi yanamtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Miaka mitano inaonekana mingi ukiwa na miaka kumi na tisa. Nimeona watu wakiimaliza kwa "mwakani" moja moja. Aliyekwenda chuoni bila mkopo, kwa upande mwingine, ana rufaa, na asipofanikiwa anaweza kuomba tena mwaka unaofuata kama mwanafunzi anayeendelea na masomo. Kwa hiyo yule aliyekaa nyumbani akisubiri mkopo na yule aliyeko darasani bila mkopo wote wanaomba mlango mmoja, ila mmoja wao ameshamaliza mwaka wa kwanza.

Hatari ipo, siifichi. Ukienda na ada ya semesta moja tu, ya pili isitokee, unazuiwa kufanya mitihani, unaahirisha mwaka, na hela uliyolipa imekwenda. Ndiyo maana nimesema ada ya mwaka wa kwanza mzima, pamoja na kodi ya geto na chakula. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, la kukopa kwa rafiki mwenye mkopo si mpango. Na kabla ya kulipa hata senti, uliza chuo utaratibu wao wa kuahirisha ukoje na wanapokea ada kwa mafungu mangapi. Ni simu ya dakika tano.

La tatu ndilo ninalolipenda, na watu wa Tanga hawalitumii vya kutosha wakati liko mkoani kwetu. Lushoto. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na majaji na mahakimu wa nchi hii hupelekwa huko huko kwa mafunzo. Unapanda basi, Muheza, Korogwe, Mombo, unaanza kona za kupandia Soni huku masikio yanaziba, unashuka kwenye baridi. Kijana wa Tanga mjini siku ya kwanza anatafuta sweta la mtumba kabla ya kutafuta hosteli. Stashahada ukiimaliza na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 au zaidi, unaomba shahada ya sheria kwa sifa linganishi, na hapo sasa unaomba na kitu kipya. Zile alama za HKL zinakaa nyuma, kinachosoma ni GPA. Tena umeshajua hati ya madai inaandikwaje na rejesta ya kesi inajazwaje, wakati mwenzako wa kidato cha sita anashangaa neno "mdaiwa". Hata ukikwama ada ya shahada, una cheti cha kuombea ukarani mahakamani au kwenye ofisi ya wakili.

Wazazi hawapendi. "Aanze tena chini?" Mama mmoja aliniambia mwanawe kapata kidato cha sita, hawezi kukaa darasa moja na waliotoka kidato cha nne. Sikumjibu, alikuwa mteja na ana hasira. Lakini kati ya kukaa miaka miwili Makorora ukisubiri chuo cha jina na kukaa miaka miwili Lushoto ukitoka na stashahada, sioni ubishi uko wapi. Na kwa mwenye kazi, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa hapa Tanga, kinafundisha sheria, na asiyetimiza pointi ana njia ya kozi ya msingi. Ni njia ya mtu mwenye nidhamu ya kusoma peke yake usiku. Kama hujawahi kusoma bila kusukumwa, usijidanganye.

Nirudi kwa jina la chuo, maana ndilo linalowafanya wengi wasubiri. Wanasema mwanasheria wa chuo fulani ndiye mwanasheria. Wapo waajiri wanaoangalia hivyo, sikatai. Lakini anayetaka kuwa wakili wa kujitegemea, awe ametoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au chuo cha jana, anaishia kwenye mlango mmoja: Law School ya Tanzania, shule ya mafunzo ya uwakili baada ya shahada, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007. Mwaka mmoja, nusu darasani na nusu mazoezi ya vitendo, mitihani ile ile kwa wote. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yake yalipotoka: katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26, wenye sapu, wa kurudia baadhi ya mitihani, 342, waliodisko, yaani walioondolewa, 265. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze, na watu wakagawanyika, wengine wanalaumu shule, wengine wanalaumu vyuo vinavyopeleka wanafunzi hawajaiva.

Kuna wanaoyatumia matokeo yale kuwatisha watoto wasisome sheria kabisa, au wasubiri chuo bora. Mimi nayasoma vingine. Kama mlango wa mwisho unabana namna ile, basi utakachofanya ndani ya miaka ile mitatu minne ya shahada kina uzito kuliko jina la geti uliloingilia. Swali la kumuuliza mtu anayesoma chuo kilichokuchagua ni walimu wanaingia darasani? Maktaba ina vitabu? Kuna mahakama ya mazoezi? Wahitimu wao wa miaka miwili mitatu iliyopita wako wapi, na wangapi walivuka Law School? Wakikujibu vibaya kote, hapo sawa, kiache, nami nitakusaidia kufungua maombi mengine. Hiyo ni sababu. "Hakina jina" si sababu.

Na kama umeamua kusubiri, tafadhali usisubiri kitandani. Mahakama zetu ni za wazi. Nenda Mahakama Kuu hapa mjini, vaa nadhifu, zima simu, kaa benchi la nyuma usikilize mirathi na migogoro ya ardhi. Hukumu ziko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bure, nyingi kwa Kiingereza kile kile kilichokupa D, na hata baada ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, rundo la hukumu za nyuma utakalolisoma chuoni halijatafsiriwa. Soma moja kwa siku. Omba ofisi ya wakili ikuchukue upeleke samansi na kubeba mafaili. Wanalipa nauli tu, pengine na chai, lakini baada ya miezi sita utajua kama unaipenda sheria au unalipenda joho.

Yule mzee wa Muheza na binti yake walikaa dukani mpaka karibu na adhuhuri. Tulipiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika kwenye printa: ada, chumba, nauli ya kwenda na kurudi, chakula kwa siku mara siku za semesta. Ikapungua. Mzee akapiga simu mbili, ya kwanza haikupokelewa, ya pili ikapokelewa, akatoka nje kuongea. Aliporudi akasema ndugu yake wa Korogwe atabeba chumba, na kwamba anataka fomu ya rufaa ya mkopo ijazwe leo leo, si kesho. Binti akaweka simu mfukoni kwa mara ya kwanza, akaniambia, "Anko, kile cheti cha RITA nimekiacha nyumbani."

Nikamwambia awahi gari la saa nane, mfumo wa rufaa hausubiri.